Hekalu la Udongo: Kupanga Ziara ya Malungu ya Ufipa

Anayepanga kwenda Dougga, kaskazini mwa Tunisia, kutazama hekalu la Warumi, anakuta sehemu kubwa ya maandalizi imekwisha kufanywa na wengine. Hekalu lile la Jupita, Juno na Minerva lilijengwa mwaka 166 au 167 baada ya Kristo. Nguzo zake za mbele zingali wima, na tangu mwaka 1997 mji wote wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Pana lango, pana tiketi, pana ramani, na vitabu vimeandikwa kwa lugha nyingi. Mgeni anachobaki nacho ni kuchagua siku na viatu.

Anayetoka Katandala, hapa Manispaa ya Sumbawanga, kwenda kutazama ilungu hana hata kimoja kati ya hivyo. Ilungu (kwa wingi malungu) ni tanuri refu la udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma. Yapo yaliyobaki katika uwanda huu wa juu, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na mengi yamo katika mashamba ya watu, vichakani, au kandokando ya njia za ng'ombe. Mengine yamebaki mduara wa udongo uliokauka na kuiva kwa moto, na rundo la mavi ya chuma pembeni. Mtu anaweza kupita hatua tano kutoka hapo asijue kwamba amepita mahali ambapo babu zake walifanya kazi na ibada kwa pumzi moja.

Sura hii inaeleza jinsi ya kuipanga ziara hiyo. Nimeiandika nikiamini jambo moja: jengo la kale linadumu pale tu panapokuwa na watu wenye sababu ya kulitunza. Hata hekalu la Dougga halikuokolewa na ugumu wa mawe pekee. Baada ya dola ya Rumi kudhoofika, Wabizanti walilizungushia ngome wakaendelea kulitumia. Pantheon ya Roma nayo iligeuzwa kanisa mwaka 609, na ndiyo maana paa lake halikubomolewa. Udongo wa Ufipa unahitaji watu wa namna hiyo kuliko mawe ya Rumi, na ziara iliyopangwa vizuri huongeza idadi yao.

Kwa nini tuliite hekalu

Katika hekalu la Kirumi waumini hawakujaa ndani kama tunavyojaa kanisani au msikitini. Chumba cha ndani kilikuwa cha sanamu ya mungu. Madhabahu ya sadaka ilikuwa nje, mbele ya ngazi, na watu walisimama uwanjani. Mgeni anayelijua hilo hutazama uwanja kwa makini kama anavyotazama nguzo, kwa sababu mambo yalifanyikia pale.

Ilungu nalo lisomwe hivyo. Uyeyushaji wa chuma haukuwa ufundi mtupu. Kazi ilikuwa na kiongozi aliyejua mambo mawili kwa pamoja: udongo, mtapo (mawe yenye chuma) na moto kwa upande mmoja, na dawa kwa upande mwingine. Dawa hizo zilitunzwa katika kapu maalumu, na nyingine zilifukiwa chini ya sakafu ya tanuri kabla moto haujawashwa. Wafua chuma walijitenga na wake zao kwa kipindi chote cha kazi. Tanuri jipya lilihesabiwa kuwa bi harusi, likapambwa na kushangiliwa, na chuma kilichotoka ndani yake kilipokelewa kama mtoto aliyezaliwa. Mwiko ukivunjwa, iliaminika kwamba mimba ile ingeharibika na chuma kisingetoka.

Kwa hiyo pale penye ilungu palikuwa na kiongozi wa ibada, masharti ya usafi, vitu vilivyowekwa wakfu na mkusanyiko wa watu. Hayo ndiyo tunayoyatafuta katika hekalu lolote, liwe la Jupita au la mzee wa Kifipa.

Jifunze kabla ya kutoka nyumbani

Anayekwenda bila kusoma ataona kichuguu kilichotoboka. Anayejua jinsi tanuri lilivyofanya kazi ataona hatua zote za kazi hata katika ukuta uliobomoka nusu.

Ilungu lilijengwa kwa udongo, likainuka kiasi cha mita 3 au zaidi, pana chini na jembamba juu. Kuzunguka kitako chake kulikuwa na midomo kadhaa, mmoja ukiwa mkubwa kuliko mingine. Humo iliingizwa mirija ya udongo wa kuchomwa ili kupitisha hewa. Tanuri lilijazwa kuni, makaa na mtapo wa chuma, kisha likawashwa. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Hewa ya moto ilipanda na kutokea juu, na ilipopanda ikavuta hewa baridi kuingia kupitia mirija ya chini. Urefu wa ukuta ndio uliofanya kazi ya mivukuto. Wajenzi hawa walijua kwamba jengo refu hujipulizia lenyewe, wakalijenga kwa vipimo vya mikono na macho.

Moto wa namna hiyo hauyeyushi chuma kikawa maji, maana chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi. Unayeyusha takataka za mawe, zinachuruzika na kuganda, na chuma kinabaki donge lenye matundu. Takataka zilizoganda ndizo mavi ya chuma, yale mawe meusi mazito yanayong'aa yanapovunjika, ambayo mtoto yeyote wa kijijini anaweza kukuonyesha. Donge la ilungu lilikuwa bado na uchafu mwingi, kwa hiyo lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo sana, liitwalo kintengwe. Huko mivukuto ilitumika, na donge likasafishwa hadi likafaa kufuliwa jembe, shoka au mkuki. Ukifika mahali ukaona ilungu, tafuta pia dalili za kintengwe, kwa kuwa ibada ya chuma ilikamilika huko.

Ujue pia kwamba si matanuri yote ya Ufipa ni ya zama moja. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania aliyewasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995, alichunguza ufuaji wa chuma katika Nkasi na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alionyesha kwamba kabla ya malungu marefu kulikuwa na teknolojia nyingine ya matanuri mafupi, iitwayo katukutu. Wengine waliotangulia kuandika ni Padri Wyckaert wa shirika la White Fathers mwaka 1914, Greig mwaka 1937 na Wise mwaka 1958. Randi Barndon wa Norway naye alichapisha utafiti wake juu ya wafua chuma wa Kifipa mwaka 1996. Maandishi yao yanapishana katika maelezo madogo madogo, na hilo ni jambo la kutarajiwa, kwa kuwa kila eneo lilikuwa na wazee wake na desturi zake. Beba tofauti hizo kama maswali ya kuwauliza wenyeji.

Kazi hii ilizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Jembe la kiwandani liliingia sokoni kwa bei ambayo mfua chuma hakuweza kushindana nayo, akiwa na kazi ya kukata kuni, kuchoma makaa, kuchimba mtapo na kushika miiko kwa siku nyingi. Malungu hayakubomolewa na adui. Yaliachwa, na mvua ikaanza kazi yake.

Chagua msimu

Mvua za Ufipa huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo nyasi hufika kifuani, mahindi hufunika mashamba, na njia za udongo huteleza. Ziara ya malungu wakati huo ina hasara mbili: hutaona kitu, na utakanyaga mazao ya mwenye shamba. Wakati mzuri ni baada ya mavuno, kuanzia Julai hadi Oktoba. Mashamba yamekwisha kusafishwa, ng'ombe wamekula mabua, na ukuta wa ilungu unaonekana kutoka mbali.

Juni na Julai asubuhi huwa na baridi kali, kwa hiyo beba koti zito. Usikimbilie kungoja jua la mchana. Mwanga wa saa mbili au saa tatu asubuhi hulala ubavuni mwa ukuta na kuonyesha alama ambazo jua la utosi huzifuta: nyufa, vidole vya wajenzi, mahali mirija ilipokaa. Wapiga picha wa magofu ya mawe hufuata kanuni hiyo hiyo, na kwa udongo ina faida kubwa zaidi kwa sababu rangi ya ukuta na ya ardhi ni moja.

Kuhusu njia, ukitokea Katandala mjini Sumbawanga una pande mbili. Barabara ya kaskazini inakwenda Chala na Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, ambako utafiti mwingi wa malungu ulifanyika. Barabara ya kusini inakwenda Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, hadi bandari ya Kasanga, umbali wa kilomita 112. Basi litakushusha barabarani, na kutoka hapo bodaboda na miguu ndiyo hukamilisha safari. Panga siku nzima kwa kijiji kimoja. Anayetaka kuona vijiji vitatu kwa siku moja ataziona kuta, hatapata mazungumzo.

Omba ruhusa kwa mpangilio

Hapa ndipo ziara ya Ufipa inapotofautiana kabisa na ya Dougga. Kule tiketi inakupa haki ya kuingia. Huku haki hiyo hutolewa na watu, na wana utaratibu wao.

Anza na ofisa utamaduni wa halmashauri, ili ujue vijiji vyenye mabaki na upate barua ya utambulisho. Barua hiyo ipeleke kwa mtendaji wa kijiji, naye atakukutanisha na mwenyekiti. Kisha, na hii ndiyo hatua ambayo wageni wengi huiruka, mtafute mwenye shamba. Serikali ya kijiji inaweza kukukaribisha kijijini, lakini yule anayelima kuzunguka ilungu kila mwaka bila kuligusa kwa jembe ndiye mlinzi wake halisi. Mwendee kama mtu anayekwenda kwa mwenye nyumba. Kama ni mzee, mwamkie, ukae unapoelekezwa, uulizane naye habari za nyumbani na za shamba, ndipo useme haja yako: "Babu, sisi ni wajukuu zako, tumetoka Katandala. Tumesikia hapa shambani pana ilungu la wazee. Tunaomba utuonyeshe na utusimulie." Ukisema "utuonyeshe" umemfanya mwalimu wako. Ukisema "tumekuja kuona" umemfanya mpita njia katika shamba lake mwenyewe.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila leseni. Anayetaka kufanya utafiti ana vibali vya kuomba kabla ya kufika kijijini. Mtalii wa kawaida anaruhusiwa kutazama, kupima, kuchora na kupiga picha kwa ridhaa ya wenyeji. Haruhusiwi kufukua. Kipande cha mrija au jiwe la mavi ya chuma kinachotoka mfukoni mwako huko Dar es Salaam ni kipambo tu. Kikibaki mahali pake kinamwambia mtaalamu tanuri lilielekea wapi na lilifanya kazi kwa muda gani.

Jihadhari pia na mtu anayeuliza kama unatafuta madini au mali inayosemekana kufukiwa na Wajerumani. Mjibu kwa utulivu na kwa ukweli, tena mbele ya watu wengine. Tetesi kwamba chini ya ilungu kuna hazina zinaweza kulibomoa kwa usiku mmoja.

Milansi na mlima Itwelele

Ziara ya hekalu la chuma haikamiliki bila kusikia habari za kiti cha wenye nchi. Katika masimulizi ya Wafipa, mtu wa kwanza kutawala alikuwa Ntatakwa, aliyeshuka kutoka mbinguni, na makao ya ukoo wake yalikuwa Milansi, karibu na mlima Itwelele. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi Ufipa katika miaka ya 1960, aliyakusanya masimulizi hayo na kuyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1981, A State in the Making. Yanasema kwamba wanawake wa ukoo wa Watwa walifika kutoka mbali wakati mtawala wa Milansi akiwa mawindoni, wakakalia kigoda cha enzi. Aliporudi, pande mbili zilikubaliana: Watwa wakachukua utawala wa nchi, na Milansi ikabaki na mlima wake na heshima ya ukubwa katika mambo ya ibada. Baadaye utawala wa Watwa uligawanyika sehemu mbili, Nkansi na Lyangalile, lakini Milansi haikupoteza heshima yake.

Jina hilo leo limo katika orodha ya kata za Manispaa ya Sumbawanga, Milanzi. Usije huko ukitafuta kuta. Kilichotukuzwa ni mlima wenyewe na makubaliano yaliyofungwa chini yake. Kwa hiyo usipande bila kuuliza, usikate mti, usipige kelele, na usipige picha mahali utakapoambiwa pana heshima yake. Ziara hii ni ya masikio.

Desturi ya kuheshimu mahali pasipo jengo imeenea katika nchi hii. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, upande wa kaskazini, imechukua jina la mzimu Katabi, ambaye wenyeji husema makao yake ni mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu bado huweka sadaka pale. Mgeni aliyezoea kwamba hekalu lazima liwe na paa ajizoeze kwanza kutambua mlima na mti.

Siku yenyewe

Beba maji, kofia, viatu vya kufunika vidole, futi ya kupimia, daftari, kalamu ya risasi na simu yenye kuonyesha mahali ulipo. Fimbo iliyowekwa alama kila sentimita 20 inafaa sana, kwa sababu picha ya ukuta isiyo na kipimo haimsaidii mtu baadaye.

Ukifika, zunguka kwanza kwa umbali. Angalia rundo la mavi ya chuma liko upande gani, maji yako wapi, msitu ulikuwa wapi. Kisha sogea. Hesabu midomo ya chini na uandike upi mkubwa na unaelekea wapi. Pima urefu uliobaki, upana wa kitako na unene wa ukuta. Tazama rangi ya udongo kwa ndani: sehemu nyekundu na sehemu nyeusi zinaonyesha moto ulivyotembea. Andika pia maadui wa jengo: mizizi ya mti ndani ya ufa, mchwa, mashimo ya wanyama, ng'ombe wanaojikuna ukutani. Usiegemee, usipande, usiweke mguu ndani ya mdomo ili upigwe picha.

Halafu keti. Mwombe mwenyeji wako akusimulie nani alijenga, chuma kilikwenda wapi, wanawake walikuwa na sehemu gani, miiko ilikuwa ipi. Usimkatize kumwambia ulichosoma vitabuni. Vitabu utavikuta nyumbani. Masimulizi ya mzee huyu hayana nakala nyingine.

Kama una siku ya ziada

Shuka hadi Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, J. Desmond Clark alianza uchunguzi wa kiakiolojia mwaka 1953. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa makusudi, yenye umri wa miaka 476,000 hivi. Hakuna kazi ya kuunganisha mbao ya zamani zaidi inayojulikana duniani.

Mbao zile ziliokolewa na maji yaliyozifunika zisioze. Mawe ya Dougga yaliokolewa na Wabizanti. Malungu hayana maji ya kuyafunika wala ngome ya kuyazunguka, na mvua ya kila mwaka inakuja.

Baada ya ziara

Ndiyo maana ziara haiishii kwenye basi la kurudi. Chapisha picha na vipimo vyako, urudishe nakala tatu: moja kwa mwenye shamba, moja ofisi ya kijiji, moja shule ya msingi iliyo karibu. Ya nne ipeleke kwa ofisa utamaduni wa halmashauri. Andika juu ya kila nakala tarehe, jina la kijiji na hali ya ukuta siku hiyo. Mwakani mwingine atakayekwenda atajua kilichopungua, na kijiji kitakuwa na ushahidi wa kuombea msaada wa kuezeka banda dogo juu ya tanuri au kuchimba mfereji wa kuhamisha maji.

Fanya malipo yako kwa uwazi pia. Mwenye shamba aliyeacha eneo lisilimwe kwa miaka mingi amekuwa akilipa gharama ya urithi wetu peke yake, kwa magunia ya mahindi ambayo hakuyavuna. Mpe ahsante inayolingana na mchana wake, mbele ya mwenyekiti, ili kijiji kizima kione kwamba ilungu lililosimama lina faida kuliko lililobomolewa.

Shule za Katandala na za Sumbawanga yote zinaweza kuanza mwaka huu. Darasa moja, kijiji kimoja, ilungu moja la kupimwa kila mwaka baada ya mavuno, na daftari la vipimo linalopokezanwa kutoka darasa hadi darasa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, na wazee wanaoweza kuwafundisha watoto hao wapo.